UZI: Kuchaji betri za lipo za ndege, magari na boti za rimoti bila kuunguza nyumba

#1 Kipanga_3S
Wakuu, maswali ya kuchaji lipo yamezagaa kwenye nyuzi kibao na majibu mengine yanapingana. Tuyakusanye hapa. Naweka msingi, wenye ujuzi zaidi wakosoe.

Namba za kukariri kabla hata ya kununua chaja: seli moja ya lipo (lithiamu-polima) ikijaa ni volti 4.20. Ile 3.7V iliyoandikwa kwenye betri ni wastani tu. Ya kukaa kabatini ni 3.80 hadi 3.85. Ikishuka chini ya 3.0 unaanza kuiua. S ni idadi ya seli zilizofuatana ndani ya betri. Kwa hiyo 2S ikijaa husoma 8.4, 3S ni 12.6, 4S ni 16.8 na 6S ni 25.2. Zipo lipo za volti za juu, LiHV, zinazofika 4.35 kwa seli, na LiFe (lithiamu yenye fosfeti ya chuma) zinazoishia karibu 3.6. Ukiichaji LiFe kwa menyu ya LiPo, kila seli umeizidishia zaidi ya nusu volti.

Chaja haijui umeichomekea nini, inafuata ulichoiambia. Kosa baya kuliko yote ni kuiambia NiMH (betri za nikeli). Kwenye menyu hiyo haiangalii 4.20 kabisa. Inasubiri volti zipande hadi kileleni kisha zishuke kidogo, ndipo ikate. Lipo haina huo mshuko, basi chaja inasukuma tu mpaka betri ivimbe na kuwaka. Chaja nyingi hukumbuka menyu ya mwisho iliyotumika, kwa hiyo kama nyumbani kuna gari jingine la NiMH, soma skrini kila unapochomeka.

Ampia: 1C, yaani mAh gawanya kwa 1000. Betri ya 1300 weka 1.3A, ya 2200 weka 2.2A, ya 5000 weka 5A. Ile "25C" yenye maandishi makubwa ni ya kutoa umeme, si ya kuingiza. Zipo betri zilizoandikwa kwa nyuma kwamba zinakubali kuchajiwa 2C hadi 5C. Zinavumilia kweli, ila unakula umri wake kuokoa nusu saa.

Sasa hatua, kwa chaja za jamii ya B6 (zile ndogo zenye skrini na vitufe) ambazo ndizo wengi wanazo:

1. Pini mbili nene za waya wa kuchajia ziingie kwenye chaja KWANZA, betri baadaye. Ukianza na betri, zile pini mbili zinabaki wazi huku zina moto. Zikigusana tu, shoti. Kuchomoa ni kinyume: betri kwanza.
2. Plagi ndogo nyeupe ya kusawazisha iingie kwenye tundu lake: 2S ina nyaya 3, 3S ina 4, 4S ina 5.
3. Chagua LiPo, kisha Balance (kusawazisha). Weka ampia na idadi ya seli.
4. Bonyeza na ushikilie kitufe cha kuanza. Skrini itaonyesha kitu kama R:3SER S:3SER. R ni seli ambazo chaja imeziona, S ni ulizoweka wewe. Zikitofautiana usikubali. Chomoa, tafuta sababu.
5. Kaa karibu.

Kwenye mipangilio weka pia saa ya usalama dakika 90, na kikomo cha ujazo kama asilimia 110 hadi 115 ya betri. Kwa 2200, weka 2500. Vitu hivyo viwili ndivyo vitakavyokata kama kila kingine kimeshindwa, na watu wengi hawajawahi hata kuufungua ukurasa huo wa menyu.

#2 KobeMwendo
Shukrani mkuu. Hiyo plagi nyeupe ni lazima? Gari langu lilikuja na chaja ya ukutani ya waya miwili tu, na inajaza.

#3 MamaLehemu
Mwanangu, inajaza jumla, haijui kilichomo ndani. Chukua 2S, seli moja iko 3.9 na nyingine 3.6. Chaja ya waya miwili inaona 7.5, inasukuma hadi 8.4 na kuridhika. Lakini ile iliyoanza juu inaweza kuwa imefika 4.3 na kitu, mwenzake bado yuko 4.1 na kushuka. Jumla imekuja sawasawa, huku seli moja imeshazidishiwa. Kila ukichaji tofauti inaongezeka.

Plagi nyeupe inaipa chaja jicho kwenye kila seli. Ikiona moja imetangulia, inaipunguzia kidogo kidogo. Mkondo wa kusawazisha kwenye chaja hizi ni mdogo, kama 0.2 hadi 0.3A, ndiyo maana mwisho wa kuchaji unachelewa. Usiongeze ampia ukidhani utaharakisha. Volti zikifika 4.20 chaja huzishikilia hapo na ampia zinapungua zenyewe hadi karibu sehemu ya kumi ya ulichoweka, ndipo inamaliza. Hicho kipande cha mwisho kina haraka yake yenyewe.

Baada ya kuchaji iache robo saa, kisha pima seli. Zikitofautiana 0.01 au 0.02, nzuri. 0.05, ifuatilie. Ikifika 0.1 na inarudi kila mara hata baada ya kusawazisha, kuna seli inayochoka na hairudi ujana.

#4 BawaLaPovu
Naongezea kwenye chaja zenyewe. B6 imeigwa sana, na nyingi zilizoko madukani si za kiwanda halisi. Kibaya si jina, kibaya ni kipimo: nyingine skrini inasema 4.20 wakati seli iko 4.25. Njia ya kuijua: betri ikiwa kwenye dakika za mwisho za kuchaji, gusa pini za plagi nyeupe kwa nyuma kwa ncha za multimeta, mbili mbili zilizo jirani. Kila jozi isizidi 4.21. Tumia ncha nyembamba na mkono uliotulia, maana ukigusa pini mbili kwa ncha moja umepiga shoti.

Na mita nayo uihoji. Ile ya njano ya DT830, betri yake ya 9V ikichoka husoma JUU kuliko ukweli. Mtu anailaumu chaja kumbe ni mita. Linganisha na mita ya pili au kile kipima-lipo kidogo kinacholia, kabla ya kuhukumu.

Chaja ikionekana inazidisha na ina sehemu ya kushusha kikomo, weka 4.15. Unapoteza muda kidogo wa kuruka, unapata mizunguko mingi zaidi. Kama haina sehemu hiyo, usiitumie kwa lipo.

#5 Ngalawa_RC
Na umeme wa kuiingizia chaja? B6 nyingi hazina waya wa ukutani, watu wanachomeka adapta za laptop.

#6 BawaLaPovu
Hapo ndipo nyingi zinafia. B6 ya kawaida inataka volti 11 hadi 18 kwenye mlango wake. Adapta ya laptop ni 19V au zaidi. Nyingine zinavumilia wiki mbili kisha zinanuka. Tafuta sapulai ya 12V zile za kamera za CCTV. Chaja ya wati 50 inahitaji karibu wati 60 kuingia, kwa hiyo 12V 5A iko ukingoni kabisa. Chukua ya 8A au 10A ili isichemke.

Na kumbuka hizo wati 50 ni ukuta. Hata uandike 5A, kwenye 3S inayokaribia kujaa utapata 50 ÷ 12.6, karibu 4A. Kwenye 4S chini ya 3A. Kwenye 6S ni 2A tu, 5000mAh itachukua saa mbili na nusu au zaidi. Chaja haijaharibika, imefika mwisho wa uwezo. Ila saa ya usalama ya dakika 90 itakukatia njiani, kwa hiyo wa 6S wapige hesabu kwanza ndipo waiweke.

#7 Kipanga_3S
Uwanjani kusiko na umeme: betri ya gari ya 12V inatosha. 3S 2200 ni takriban Wh 24. Ukijumlisha upotevu, unavuta kama Wh 30, yaani Ah 2.5 kutoka kwenye betri ya 12V. Betri ya gari ya N70 (karibu Ah 70) ukiitumia nusu tu (usiimalize, ya risasi-asidi haipendi) unapata kuchaji kumi na kitu. Usiwashe injini chaja ikiwa imeshikishwa, volti zinaporomoka na kuruka. Kwa sola, usiunganishe paneli moja kwa moja na chaja. Paneli ya "12V" bila mzigo hufika volti 21 au 22. Paneli iende kwa kidhibiti, kidhibiti kwa betri, chaja ivute kwenye betri.

Umeme wa nyumbani ukikatika katikati ya kuchaji hakuna kilichoharibika, ila chomoa lipo. Chaja nyingi zikizimwa zinaendelea kunyonya kidogo kidogo kupitia plagi nyeupe, ukiisahau siku mbili unaikuta iko volti 2-na-kitu kwa seli. Na ule mrejeo wa umeme wenye kishindo ndio unaua sapulai: pitisha kwenye friji-gadi, ile ile ya jokofu, inayosubiri dakika kadhaa kabla ya kuachia.

#8 KobeMwendo
Nichajie wapi sasa? Nimeona watu wanatumia sufuria lenye mfuniko.

#9 MamaLehemu
Sufuria la alumini, hapana. Linapitisha umeme, waya ukichunika umejitengenezea shoti, na alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Sufuria lipikie wali.

Kitu rahisi na kizuri ni tofali za saruji zenye matundu, za inchi 6. Laza moja juu ya sakafu ya saruji au kigae, weka betri ndani ya tundu, nyaya zitoke upande mmoja, chaja ikae nje. Juu weka kipande cha kigae chenye mfuko wa mchanga mkavu, lakini kisizibe kabisa. Chungu kikubwa cha udongo kinafaa pia. Kasha la chuma la kuwekea risasi za bunduki linafaa ukitoa ule mpira wa mfuniko na kulitandika ndani vipande vya jipsamu. Ukiacha mpira, moshi hauna pa kutokea, umetengeneza bomu.

Mifuko ya lipo inapunguza ndimi za moto, haizuii moshi wala joto lote. Iweke ndani ya tofali, isiwe ndiyo ulinzi peke yake.

Mchanga uwe wa mtoni na uwe mkavu. Walioko pwani wasichote ufukweni. Una chumvi, unavuta unyevu hewani, utakula plagi zako polepole.

Mahali: si chumbani, si kwenye kochi, si kwenye njia ya kutokea. Baraza yenye kivuli ni bora. Ondoa kila kinachowaka umbali wa mita moja hivi, mapazia yakiwemo.

#10 Ngalawa_RC
Ikiwaka? Nimesoma mahali kwamba maji hayagusi lithiamu, italipuka.

#11 Kipanga_3S
Hilo ni la lithiamu tupu, kipande cha metali yenyewe. Ndani ya lipo lithiamu iko kwenye michanganyiko, upande mmoja kobalti oksaidi na mwingine grafaiti, na kimiminika kinachowaka katikati. Maji mengi ndiyo yanayopoza, na kupoza ndiko kunakozuia seli ya pili isifuate ya kwanza. Mtungi wa unga unazima ndimi lakini haupozi, dakika mbili baadaye inawaka tena.

Mpangilio: kata umeme wa ukutani kwanza. Kama iko kwenye tofali nje, iache iungue, mwagia pembeni ili moto usisambae. Kama iko ndani na bado inatoa moshi tu, usiibebe mkononi, toa watu. Ule moshi una hewa zinazowaka na haidrojeni floraidi, sumu ya mapafu. Usiinamie kuangalia. Ikishatulia, izamishe kwenye ndoo ya maji nje na iache siku nzima, seli iliyopona ndani inaweza kuamka.

Dalili zinakuja kabla: inavimba ukiwa unaitazama, inakuwa moto (kwa 1C haipaswi kupanda zaidi ya vuguvugu), harufu tamu-tamu kama ya rangi ya kucha. Ukiona moja tu, chomoa plagi ya ukutani halafu betri.

#12 KobeMwendo
Iliyovimba kidogo naweza kuitoboa itoe hewa?

#13 MamaLehemu
USITOBOE. Ndani kuna tabaka nyembamba zilizokunjwa, sindano inaziunganisha. Na ile hewa ni ushahidi kwamba kimiminika kimeshaharibika, kuitoa hakurudishi kitu.

Iliyovimba isichajiwe tena. Iliyoanguka na ndege vilevile: itazame nje kwa saa moja kabla ya kuigusa, ikiwa imepinda kona au imebonyea, ni taka hata kama volti ni nzuri.

Kuitupa: ichomekee balbu ya indiketa ya gari, 12V 21W, iache nje ndani ya tofali hadi isome sifuri. Kwa 3S inavuta kama 1.8A. Kwa 4S balbu moja itaungua, unga mbili mfululizo. Ikifika sifuri na kukaa hapo siku nzima, kata plagi na usokote nyekundu na nyeusi pamoja. Ndipo ipeleke kwa wanaopokea taka za kielektroniki, si kwenye pipa la nyumbani.

#14 BawaLaPovu
Watu bado wanashauri maji ya chumvi. Chumvi inakula miguu ya plagi kabla betri haijaisha. Unabaki na seli yenye umeme usioweza tena kuutoa. Balbu ni bora.

Hiyo hiyo balbu inafaa pia kushusha betri uliyoijaza kisha mvua ikanyesha. B6 inashusha kwa wati 5 tu: 4S 5000 iliyojaa, kuifikisha 3.85 ni kazi ya saa saba au nane. Balbu mbili mfululizo zinafupisha sana, lakini weka kile kipima kinacholia kwenye plagi nyeupe, kilie kwenye 3.8, maana balbu haina akili ya kusimama. Kukaa na betri iliyojaa zaidi ya siku mbili tatu, hasa kwenye joto la Dar au Mombasa, ndiko kunakozivimbisha nyingi kuliko ajali zote za kuruka. Na usiziache kwenye gari lililofungwa juani.

Joto tena: ikitoka kurushwa subiri ipoe. Ukiishika na inahisi joto kuliko kiganja chako, haiko tayari.

#15 Ngalawa_RC
Bodi za kuchaji betri tatu nne kwa mpigo, mnazionaje?

#16 Kipanga_3S
Zinafaa kwa anayejua hesabu. Masharti: zote idadi moja ya seli, aina moja, na volti zikaribiane, tofauti isizidi 0.05 hadi 0.1 kwa seli. Sababu hii hapa. Unganisha 3S iliyojaa (12.6) na iliyochoka (11.1). Tofauti ni 1.5V. Ukinzani wa betri mbili na nyaya zake tuseme mΩ 60. 1.5 ÷ 0.06 = 25A, zinaingia kwenye ile iliyochoka hata kabla hujawasha chaja. Kwa 2200 hiyo ni zaidi ya 11C.

Plagi kubwa ziingie zote kwanza, subiri dakika chache zilingane, ndipo plagi nyeupe. Ukianza na nyeupe, mkondo wote unapita kwenye vijiwaya vile vyembamba na vinayeyuka. Ampia: jumlisha ujazo. Tatu za 2200 ni 6.6A kwa 1C, ila B6 itaishia 4A kama alivyoeleza BawaLaPovu. Na betri yenye seli mbovu isiingie kwenye bodi, chaja inaona wastani wa zote na mgonjwa anajificha humo.

#17 Rubani_wa_Kilimani
Samahani kuingilia. 3S 2200, chaja inakataa, inasema tatizo la seli. Haijaanguka, haijavimba. Niilazimishe bila plagi nyeupe?

#18 MamaLehemu
Usiilazimishe. Weka mita kwenye volti za DC 20. Ncha nyeusi kwenye waya mweusi wa plagi nyeupe, nyekundu kwenye unaofuata. Andika. Sogea pini moja moja, jozi tatu. Kisha pima plagi kubwa.

#19 Rubani_wa_Kilimani
Jozi ya kwanza 3.84. Ya pili 3.85. Ya tatu 0.00. Plagi kubwa 11.53.

#20 MamaLehemu
Vizuri sana. Jumla ya seli mbili ni 7.69. Kama ya tatu ingekuwa imekufa, plagi kubwa ingesoma hivyo hivyo 7.69. Inasoma 11.53, kwa hiyo seli ya tatu ipo na ina 3.84. Kilichokatika ni waya mwekundu wa plagi nyeupe, aghalabu pale unapoingia kwenye plastiki, kwa sababu watu huchomoa kwa kuvuta nyaya badala ya kushika plagi.

Nunua plagi ya JST-XH ya nyaya 4 yenye waya. Badilisha waya MMOJA tu huo mwekundu: sukuma kijiulimi cha pini kwa sindano, itoe, ingiza pini mpya, lehemu nje ya plagi na funika kwa mrija wa kusinyaa. Kama kuna siku utahitaji kubadilisha zote, kata mmoja, unga, funika, ndipo ukate wa pili. Mkasi ukikata nyaya zote pamoja, umeunganisha seli zote kwa chuma cha mkasi.

Ukimaliza pima tena jozi zote tatu kabla ya kuirudisha kwenye chaja.

#21 Rubani_wa_Kilimani
3.84, 3.85, 3.84. Chaja imeandika R:3SER S:3SER. Nimeweka 2.2A, iko barazani ndani ya tofali.